Kambale Miongoni mwa Akina Kambale

Mji wa Butembo, mashariki mwa Kongo, haukosi mikutano. Kuna shirika, yaani jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa mmoja, ambayo Kanisa Katoliki la Kongo liliifanya kuwa msingi wa kila parokia; kuna vikundi vya akiba na mikopo, vinavyojulikana zaidi kwa kifupisho cha Kifaransa AVEC, ambamo wanachama hununua hisa kila juma na kugawana kilichokusanywa mwishoni mwa mzunguko; kuna likilimba, ambamo fedha za wote humwendea mmoja kwa zamu; kuna vyama vya kusaidiana vya watu waliotoka kijiji kimoja cha eneo la Lubero, kuna kwaya na vyumba vya maombi, na kuna makundi ya shinikizo la kisiasa, kama vile Véranda Mutsanga na lile bunge la kusimama la Furu, yaliyozaliwa mitaani na kuwazoeza vijana kubishana na wakubwa hadharani. Mgeni anayeuona mji huo kwa mara ya kwanza huweza kudhani kwamba wakazi wake hutumia nusu ya juma wakiwa wameketi kwenye mabenchi ya mbao wakisikilizana.

Kila mojawapo ya mikutano hiyo, hata hivyo, ina sharti lake la kuingia na la kubaki. AVEC humtaka mtu awe na fedha ya hisa siku ya kikao, na anayekosa mara kwa mara hutozwa faini, kisha hutolewa. Shirika humtaka awe na mwenendo usiowakwaza wengine. Chama cha kijiji humtaka awe na ukoo unaomkubali. Kundi la shinikizo humtaka awe na sauti. Mtu aliyeshindwa na pombe hupungukiwa na vyote hivyo kimoja baada ya kingine, na katika familia nyingi mpangilio ni uleule: fedha hutangulia, heshima hufuata, kisha ndugu, na mwisho sauti. Asichokuwa nacho, basi, si watu wa kukutana nao, bali ni mkutano ambao kushindwa kwake hakumtoi nje.

Mikutano ya namna hiyo ipo duniani, na ina historia inayojulikana vizuri. Mwaka 1877 huko Geneva mchungaji Louis-Lucien Rochat alianzisha chama cha Msalaba wa Buluu, ambacho wanachama wake waliweka ahadi ya kutokunywa na kusaidiana kuitimiza, na ambacho baadaye kilienea hata katika nchi kadhaa za Afrika zinazotumia Kifaransa. Ushirika uliojulikana kuliko vyote, Alcoholics Anonymous, ambao kwa kifupi huitwa AA, huhesabu mwanzo wake kuwa tarehe 10 Juni 1935 katika mji wa Akron, Marekani, baada ya kukutana kwa Bill Wilson, dalali wa hisa kutoka New York, na Robert Smith, daktari mpasuaji, wote wawili wakiwa walevi waliokwisha kushindikana kwa waganga na kwa wake zao. Wilson alikuwa ameshinda miezi kadhaa bila pombe, na alipohisi katika mji huo wa ugenini kwamba kiu imemrudia, hakumtafuta daktari wala padri wa kumwonya, bali alitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Hapo ndipo ulipo msingi wa jambo zima, na ni msingi wa ajabu kidogo: aliyekuwa akisaidia ndiye aliyekuwa akihitaji msaada, na mazungumzo yalimfaa msemaji kabla ya kumfaa msikilizaji.

Mwaka 1939 ushirika huo ulichapisha kitabu chenye jina lake, ambamo hatua 12 za kupona zimeelezwa, na mwaka 1950, katika mkutano wa Cleveland, ulikubali mapokeo 12, yaani kanuni za namna vikundi vinavyojiendesha. Pokeo la tatu husema kwamba sharti pekee la uanachama ni nia ya kuacha kunywa. Halidai ahadi wala ushahidi kwamba mtu ameacha, halidai ada wala dini fulani, na hata juu ya kiwango cha ulevi hakuna kipimo. Kikundi hujigharamia kwa kupitisha kofia, hakipokei fedha ya nje, na hakitoi maoni juu ya siasa. Kanuni hii ya mwisho ilipata nguvu kutokana na kumbukumbu ya chama kingine cha walevi waliojisaidia, kile cha Washingtonian kilichoanzia Baltimore mwaka 1840, ambacho kilikusanya watu wengi mno kwa muda mfupi, kikajiingiza katika mabishano ya siasa na ya sheria za pombe, kikasambaratika. Katika mji ambamo karibu kila kikundi kinachofikisha watu 20 hupata mwanasiasa wa kukilisha na kukivalisha fulana, kanuni hiyo ingefaa kuandikwa mlangoni.

Kikao chenyewe ni rahisi kueleza. Watu huketi kwa mzunguko, mmoja huongoza kwa zamu, kisha kila anayetaka husema habari zake mwenyewe juu ya pombe: namna alivyokunywa, kilichotokea, na hali yake ya leo. Hakuna anayemkatiza msemaji, na wala hakuna anayemjibu. Akimaliza, hushukuriwa, na mwingine huanza. Vipo vikao vya wazi, ambavyo ndugu au mganga anaweza kuhudhuria, na vipo vikao vya ndani, ambavyo ni vya wenye tatizo peke yao. Aliyetangulia huweza kumchukua mgeni na kumwongoza hatua kwa hatua, akipokea simu zake hata usiku wa manane.

Katika urahisi huo kuna jambo moja ambalo kwa mtu aliyelelewa miongoni mwa Wanande, wenyeji wa Butembo, ni gumu kuliko kuacha pombe yenyewe, nalo ni kusikiliza bila kushauri. Kyaghanda, kile kibanda chenye moto ambamo wanaume wa kijiji walikutana, wageni wakapokewa, mashauri yakasemwa na vijana wakafundishwa, kilikuwa shule ya kusema, na jina lake limebaki hata leo katika chama cha utamaduni cha Wanande, Kyaghanda Yira; lakini maneno ya kyaghanda yalikwenda mahali fulani, yaani kwenye uamuzi, na aliyekuwa na mvi ndiye aliyeyafikisha huko. Mzee anayemsikia kijana akisimulia jinsi alivyouza bati za nyumba ya mama yake ili anywe, kisha akanyamaza asimwonye, huona kwamba amekwepa wajibu wake. Katika mkutano wa walevi, kinyume chake, onyo la mzee huharibu kazi, kwa sababu aliyeonywa hurudi katika nafasi aliyoizoea ya mshitakiwa, na mshitakiwa ana ustadi mmoja tu, ambao ni kujitetea. Mtu anayejitetea hawezi kusema kweli juu yake mwenyewe. Kwa hiyo ukimya wa wenzake si ubaridi, na wala si ukosefu wa adabu. Ni nafasi ambayo kweli hupata kusemwa bila kugeuzwa hoja.

Si haki, hata hivyo, kusema kwamba desturi hii ni ngeni kabisa katika nchi hizi za Maziwa Makuu. Mwaka uleule wa 1935, ulipofanyika mkutano mkubwa wa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, uamsho wa Balokole, uliokuwa umepamba moto Gahini nchini Rwanda, ulikuwa ukiwakusanya watu katika vikundi vidogo vya kuungama hadharani, kutoa ushuhuda na kuachana na pombe. AA nayo ilichota namna yake ya kusimulia kutoka katika harakati ya Kikristo ya Oxford Group, ya mchungaji Frank Buchman, iliyokuwa na mazoea kama hayo ya kuungama katika duara dogo la watu. Kuna, basi, mikondo miwili ya ushuhuda iliyotiririka wakati mmoja pande mbili za dunia, na mmojawapo ulipita karibu kabisa na milima ya Kivu, ukaacha katika makanisa ya Kiprotestanti tabia ya mtu kusimama na kusema alikotoka.

Tofauti iko katika wakati wa kitenzi, na si tofauti ndogo. Mlokole husema alikuwa mlevi, kisha akaokoka. Mwanachama wa AA, hata akiwa hajagusa pombe kwa miaka 20, husema bado ni mlevi. Wachungaji wengi huiona kauli hiyo kuwa ni kumnyima Mungu ushindi wake, na pingamizi lao lina uzito. Lakini faida yake huonekana kwa yule ambaye ameokoka mara tatu au nne, kila mara mbele ya kusanyiko lililopiga vigelegele, na kila mara akaanguka tena, hata akaona haya kurudi kanisani mara ya tano. Huyu hahitaji ushindi mwingine wa kutangaza, bali mahali ambapo hakuna ushindi wowote unaodaiwa. Kikundi cha Butembo kikiona kwamba kauli hiyo ya wakati uliopo ni kali mno masikioni, kinaweza kuiacha na kusema tu kwamba leo hatukunywa, na hakuna pokeo litakalovunjika.

Suala la majina lahitaji kukaliwa zaidi. Katika AA watu hujitaja kwa jina moja tu, la kwanza, ili asiyekuwapo asiweze kuwatambua, na desturi hiyo ilitungwa kwa ajili ya miji mikubwa ambamo jina la kwanza halielezi chochote. Wanande wana mfumo wa majina ambao, bila kukusudiwa, unatimiza shabaha hiyo kwa ukamilifu usiopatikana Ulaya wala Marekani. Mtoto wa kiume hupewa jina kulingana na nafasi yake ya kuzaliwa, wa kwanza akiitwa Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na wasichana nao wana mpangilio wao unaoanza na Masika. Kwa hiyo soko lolote la Butembo lina akina Kambale wasiohesabika, na katika darasa moja la shule mwalimu huweza kuwa nao watano. Mtu anayesimama na kusema kwamba yeye ni Kambale amesema kweli tupu, tena kweli anayoitwa na mama yake, na papo hapo hakumwambia mtu wa nje lolote linaloweza kumshika. Daftari la kikundi lenye majina ya Paluku, Kasereka na Masika, hata likianguka mikononi mwa mtu asiyestahili, lingefanana na orodha ya watoto wa nyumba yoyote.

Jina, basi, linafichika. Uso haufichiki, na hapo ndipo ugumu wa Butembo ulipo. Mji huu umejengwa na wafanyabiashara, na utajiri wao, ambao watafiti kama Timothy Raeymaekers wameuandikia vitabu, ulikua wakati dola ilipokuwa karibu haipo, kwa njia ya mikopo iliyotegemea kuaminiana: kontena la vitambaa kutoka Dubai au la pikipiki kutoka China liliweza kununuliwa kwa fedha za watu kadhaa waliounganishwa na neno tu, na neno hilo lilikuwa na thamani kwa sababu kila mmoja alijulikana na wote. Katika hali hiyo sifa ya mtu ni sehemu ya mtaji wake. Matokeo yake ni jambo la kushangaza, ambalo pengine lingekuwa la kuchekesha kama lisingekuwa ghali hivyo: mfanyabiashara anayeonekana kila jioni katika nganda, yaani baa ya mtaani, akiwanunulia wateja wake bia, hapotezi imani ya mtu, bali huongeza marafiki, lakini akionekana mara moja akiingia katika chumba kinachojulikana kuwa cha watu wanaojaribu kuacha pombe, wadai wake huanza kuuliza maswali. Ulevi wake walikuwa wameuona zamani, na hawakuwa wameuhesabu. Ni kupona kunakowafanya wauhesabu.

Kwa sababu hiyo siri ya kikundi cha Butembo haiwezi kusimama juu ya kutojulikana, kama ilivyo kwingine, na yafaa isimamishwe juu ya maneno. Waliomo watajuana, pengine watakuwa wameoleana, au mmoja atakuwa anamdai mwenzake. Jambo wanaloweza kuahidiana ni kwamba lililosemwa ndani halitakwenda sokoni. Na ahadi ya namna hii si ngeni kwa watu ambao mali zao zimelindwa na neno lisiloandikwa. Mfanyabiashara ambaye angeona aibu kubwa kulikana deni asilokuwa na hati yake anafahamu vizuri, pengine kuliko mwanasheria, maana ya kuwekewa kitu cha mwingine na kukirudisha kikiwa kizima.

Kuna, hata hivyo, hofu nyingine, na hii haitokani na biashara. Tangu Oktoba 2014, katika maeneo jirani ya Beni, watu wameuawa kwa makundi na waasi wa ADF, mara nyingi usiku na kwa mapanga; kuanzia tarehe 6 Mei 2021 jimbo la Kivu Kaskazini liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi wa hali ya dharura. Watu kumi waliojifungia katika chumba, wasioimba, wasioomba kwa sauti, na wanaokataa kumweleza jirani wanalozungumza, huleta wasiwasi katika mtaa ambao umejifunza kwa damu kuogopa wageni. Kikundi hakiwezi kuiepuka hali hiyo kwa kujificha zaidi. Njia iliyo salama ni kumweleza chifu wa mtaa na mwenye jengo kwamba kuna kikao, ni cha nini, na kinakwisha saa ngapi, na kuwanyima jambo moja tu, ambalo ni yale yanayosemwa. Na saa yenyewe ina uzito: kikao cha saa mbili usiku, kinachowafaa watu wa London kwa kuwa ndiyo saa ya kiu, hakiwezekani mahali ambapo njia ya kurudi nyumbani haina taa wala usalama, hivyo saa kumi jioni, kabla ya nganda kujaa, ndiyo inayobaki.

Mji huohuo umewahi kuona kwa macho yake mtu aliyepitia ugonjwa akipata mamlaka ambayo hakuna daktari angeweza kuwa nayo. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa Mangina, karibu na Beni, tarehe 1 Agosti 2018, na ulipokwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287 kati ya 3,470 waliohesabiwa kuugua. Katika kipindi hicho wengi hawakuwaamini waganga waliofika na magari na mavazi ya kuziba mwili mzima. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019. Waliopona, ambao watu waliwaita washindi, waliingia mahali ambapo wengine hawakuingia: waliwalea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa, waliwashika wagonjwa mikono, walirudi mitaani wakasema kwamba kituo hakikuwaua. Kinga iliyokuwa katika damu yao iliwaruhusu kukaribia, na maneno yao yalikubaliwa kwa sababu yalitoka ndani ya jambo lenyewe. Mlevi aliyeacha hana kinga katika damu, na hiyo ni tofauti ambayo haifai kufunikwa, kwani yeye anaweza kuugua tena kesho. Lakini haki yake ya kusema hutoka mahali palepale, na watu wa Butembo na Beni, waliokwisha kuishuhudia haki hiyo mara moja, hawana haja ya kuelezwa na kitabu cha Kimarekani kwa nini mgonjwa wa jana humfikia mgonjwa wa leo upesi kuliko mwenye shahada.

Mwenye shahada, hata hivyo, anahitajika mwanzoni, na kikundi kisichojua hilo kinaweza kuua. Utegemezi wa pombe, yaani hali ambayo mwili umezoea pombe kiasi cha kushindwa kufanya kazi sawasawa bila hiyo, huleta hatari pale mtu anayekunywa sana kila siku anapoacha ghafla. Katika saa za kwanza hutetemeka, hutoka jasho na kukosa usingizi. Ndani ya siku mbili anaweza kupata degedege. Na baadhi, kati ya siku ya pili na ya nne, huweweseka, huona visivyokuwapo na huweza kufa. Ndugu waliomfungia mtu chumbani ili aombewe mara nyingi hudhani kwamba hizo ni pepo zinazotoka, na kumbe ni ubongo unaohitaji dawa za kuutuliza, kama vile diazepamu, pamoja na vitamini B1, chini ya uangalizi wa muuguzi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watumishi wa afya wasio mabingwa wa magonjwa ya akili, unaojulikana kwa kifupisho mhGAP, huelekeza hatua hizo, na huwashauri pia watumishi hao wawafahamu watu wa vikundi vya kusaidiana na kuwapeleka wagonjwa huko. Hivyo njia ya kukipata kikundi, mahali ambapo hakuna bango wala orodha, huenda ikaanzia katika kituo cha afya cha mtaa, kwa muuguzi anayejua watu wawili watatu waliowahi kulala katika kitanda kilekile kwa sababu ileile.

Pombe yenyewe haiko mbali, na wanaoiuza si maadui. Kasikisi, bia ya ndizi, hunywewa kwenye harusi, kwenye matanga na katika kupatanishwa kwa ndugu. Bia ya chupa ina kiwanda chake Beni. Pombe kali ya kuchemshwa, ambayo mashariki mwa Kongo huitwa kanyanga au lotoko, hupatikana kwa bei ya mkate. Na kwa muda mrefu vifuko vidogo vya pombe kali vilivuka mpaka wa Kasindi kutoka Uganda, mpaka Uganda nayo ilipovipiga marufuku mwaka 2019, miaka miwili baada ya Tanzania kukataza viroba. Anayeichemsha kanyanga mara nyingi ni mama, tena mjane, na fedha yake huishia shuleni, katika minervali, yaani karo ya watoto. Anayeacha kunywa humpunguzia mama huyo mteja mmoja bila kukusudia, na yafaa kikundi kisijigeuze kuwa kikosi cha kumvunjia vyungu. Mwanamke anayekunywa, kwa upande wake, ndiye aliyesahauliwa kuliko wote: mwanamume mlevi huonewa huruma na kuchekwa, mwanamke mlevi hufichwa na watu wa nyumbani kwake, na kikao cha wanaume 12 chenye mlango uliofungwa si mahali atakapothubutu kuingia peke yake. Kwa wake na mama wa walevi kuna ushirika mwingine, Al-Anon, ulioanzishwa mwaka 1951 na Lois Wilson, mke wa Bill, pamoja na mwenzake. Kwa wanawake wanaokunywa, njia iliyo nyepesi ni kikao chao wenyewe, hata kikiwa na watu watatu.

Swali la kama mikutano hiyo inaponya limechunguzwa. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565, yalionyesha kwamba tiba iliyopangwa vizuri ya kumpeleka mtu katika AA huwasaidia watu kukaa bila pombe angalau sawa na tiba nyingine, na mara nyingi kuizidi, hasa katika kudumu bila pombe kwa miezi na miaka. Sehemu kubwa ya tafiti hizo ni za Marekani, na haifai kuzihamisha Lubero kama zilivyo. Karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili kuna mfano wa Zanzibar, ambako tangu 2009 nyumba za kupatia nafuu, zilizoanzishwa na watu waliokuwa wenyewe watumiaji wa heroini, zimetumia hatua 12 na vikao vya kila siku katika jamii ya Kiislamu. Jambo hilo laonyesha kwamba namna hii ya kukutana huweza kuacha nguo ilizozaliwa nazo na kuvaa za mahali inapofika.

Kuanza hakuhitaji wengi. Wilson na Smith walikuwa wawili, na AA hadi leo huwahesabu walevi wawili au watatu waliokutana kwa ajili ya kuacha kuwa ni kikundi. Chumba cha katekesi, darasa la shule baada ya masomo, au veranda ya karakana siku isiyo ya kazi vinatosha, ingawa jengo la kanisa moja huwafukuza bila neno waumini wa kanisa jingine, na Jumamosi huwakosesha Waadventista, ambao si wachache katika milima hiyo. Kupata mahali pasipo na dini, na siku ambayo haimgharimu mtu soko wala ibada, ni tatizo dogo ambalo huweza kuua kikundi upesi kuliko kiu.

Kilicho kigumu zaidi huja baadaye, siku Kasereka, aliyekuwa amefikisha miezi minne, anapoingia akinuka kanyanga. Katika AVEC angelipa faini. Katika shirika angeonywa, na jina lake lingefika kwa padri. Nyumbani angekuta mlango umefungwa. Kikundi kinachofuata desturi ya AA humpa kiti, humwomba asiseme lolote siku hiyo kwa kuwa amekunywa, na humwambia saa ya kikao kinachofuata. Wapo watakaonung'unika kwamba huko ni kubembeleza uovu, na kwamba miezi yake minne ilikuwa uongo. Lakini akirudi juma lijalo atahesabu siku zake upya kuanzia moja, na mwenye miaka tisa bila pombe atakayeketi kando yake atataka kusikia habari za siku hiyo ya kwanza kwa kinaganaga, kwa sababu siku yake mwenyewe ya kwanza ameanza kuisahau.